Kitale na Bungoma kwa Gari Tulilolitengeneza Wenyewe

Kutoka Mombasa hadi Bungoma ni safari inayokaribia kilomita 900, na mama yetu hawezi tena kuketi kitako usiku kucha ndani ya basi. Magoti yake yamechoka, na kila baada ya saa mbili hana budi kujinyoosha. Mdogo wetu aliyeolewa huko alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na Mama alisema wazi kwamba arubaini haitatimia kabla hajampakata mjukuu wake. Basi tukalitazama upya lile gari la Toyota HiAce lililokuwa limesimama uani tangu lilipostaafu kazi ya matatu. Bara kila gari la namna hiyo huitwa nissani, hata kama jina la Toyota limeandikwa usoni pake kwa herufi za fedha, nasi hatukuona haja ya kubishana na nchi nzima.

Kulifanya gari la abiria kumi na wanne liwe chumba cha kulala cha watu wanne si kazi ngumu kama inavyodhaniwa, lakini huanza na jambo ambalo watu wengi hulikimbia, yaani sakafu. Viti vinapong'olewa, kila bolti huacha tundu, na kila tundu ni njia ya vumbi, maji na moshi wa ekzosi. Tuliyaziba yote kwa vipande vya bati na riveti, tukapaka gundi ya silikoni juu na chini, kisha tukatandika plaiwudi na zulia. Pia mwenye kupunguza viti asisahau kwamba mabadiliko ya namna hiyo hayana budi kuarifiwa NTSA ili kitabu cha gari kilingane na gari lenyewe. Askari wa barabarani ataangalia vyote viwili.

Kitanda cha Mama kilikaa upande wa kushoto, urefu wa goti lake hasa, maana tulimpima akiwa ameketi. Chini ya kitanda tukaweka madumu mawili ya maji ya lita ishirini, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, yakafungwa kwa mikanda. Dumu moja likijaa lina uzito wa kilo ishirini, na dumu lisilofungwa likirushwa na breki huwa kombora. Moja tulilitia bomba dogo la plastiki kwa ajili ya udhu. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo wengi huikadiria kuwa si zaidi ya robo tatu ya lita. Hesabu hiyo tuliiona faida yake njiani, kwani watu wanne kwa dumu moja walitawadha siku nzima na maji yakabaki.

Umeme ulitoka kwa betri ya pili na kioo cha sola cha wati 100 juu ya paa. Siku ya jua jema kioo hicho huingiza kiasi cha kutosha taa, simu na feni ndogo. Siku ya mawingu ya Kitale kilitupatia taa na simu tu, na feni huko haikuwa na kazi. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, si mwisho wa waya, kwa sababu waya mrefu usio na fyuzi ukichubuka na kugusa mwili wa gari huweza kuwasha moto kabla mtu hajajua moshi unatoka wapi.

Tuliondoka siku ya thelathini na mbili tangu mtoto azaliwe, mwezi wa Agosti. Baada ya Nakuru barabara hupanda mpaka Timboroa, ambako hata reli hupita juu ya mita 2,700, na hapo injini ya petroli huhema kama mtu. Hewa ikiwa nyepesi, injini hupoteza nguvu, na kwa mwinuko wa Kitale, takriban mita 1,900, upungufu hufika karibu sehemu moja ya tano. Anayejua hilo hapeleki gari kwa fundi kudai plagi mpya, bali hupunguza mzigo na kubadili gia mapema. Wakati wa kuteremka hushikilia gia ndogo, asiiachie breki kazi yote. Jikoni nako kuna habari yake. Maji ya Kitale huchemka yakiwa na joto la nyuzi 93 hivi, kwa hiyo maharage yaliyoiva Mombasa kwa saa moja na nusu huko huwa bado yanagonga meno.

Kaka yetu anafanya kazi Kitale na amepanga chumba kimoja. Wanaume walilala chumbani, sisi wanawake tukabaki garini uani, mapazia yameshuka. Mara tu baada ya isha baridi iliingia. Mtu wa pwani huisikia baridi ya Trans Nzoia miguuni kwanza, kisha mgongoni, na alfajiri huweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Mama aliketi kitandani amejifunika leso tatu, akasema, "Wanangu, nileteeni jiko la makaa humu ndani. Limeshakolea, halina moshi."

Hatukuwahi kumkatalia Mama jambo mbele ya wajukuu. Usiku ule tulimkatalia. "Tuwie radhi, Mama. Jiko hilo ndilo litakalotuua."

Tunaomba kila mwenye nyumba asome hapa kwa makini, hata asiye na gari, kwa sababu jambo hili huua watu pia katika vyumba vidogo vilivyofungwa madirisha. Makaa yaliyokolea na kuacha kutoa moshi bado yanatoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara mia mbili na zaidi, na polepole mwili hukosa hewa ilhali kifua kinapanda na kushuka kama kawaida. Aliye macho huumwa kichwa, hutapika, hulegea. Aliyelala huenda asiamke. Chumba cha gari ni kidogo kuliko choo cha nyumba nyingi, na sisi tulikuwa tumeshaziba kila tundu la sakafu kwa mikono yetu wenyewe. Hata chetezo cha udi hatukukiruhusu ila milango ikiwa wazi.

Mama hakutujibu. Aligeukia ukuta. Tulichemsha maji nje kwa gesi, tukayatia katika chupa mbili za mpira, tukazizungushia leso na kuziweka miguuni pake. Nyuma ya mapazia tukachomeka maboksi yaliyokunjuliwa, maana kioo ndicho kinachovujisha joto. Madirisha mawili, moja mbele na moja nyuma, tuliyaacha wazi upana wa kidole. Wageni wa baridi huyafunga yote, na asubuhi hukuta godoro limelowa, kwani pumzi za watu wanne usiku kucha hugeuka maji zinapogusa bati baridi. Alfajiri Mama aliamka kwa sala, akatawadha, akauliza kwa nini chupa zile hatukumpa tangu Nakuru.

Habari ya kibla nayo ina ufundi wake. Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini karibu sawasawa. Kitale iko magharibi zaidi, kwa hiyo kibla chake ni kaskazini iliyoinama kidogo kuelekea mashariki. Dira ya simu ndani ya gari hudanganya, kwa sababu mwili wa gari ni chuma na spika za muziki zina sumaku. Shuka, tembea hatua kumi, ndipo uitazame.

Siku ya pili mchana ilinyesha, kama inavyonyesha huko alasiri nyingi za msimu huo, na paa likavuja pale vyuma vya kubebea mizigo vilipofungwa. Tulikwenda kwa mafundi wa jua kali mjini. Kitale ni mji wa mahindi, wa matrekta na majembe ya kulimia, na mafundi wake wamezoea vyuma vizito. Wao husema kuweldi, sisi husema kulehemu, na kazi ni ile ile, isipokuwa unene. Tulipoomba fremu ndogo ya kukunja kwa ajili ya meza, fundi alitutengenezea iliyoweza kubeba plau. Tuliishukuru na kuiacha kwa kaka. Paa lenyewe tuliliziba wenyewe, asubuhi, kabla ya mvua. Kutu ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, ikauke kabisa, kisha silikoni ipite chini ya kila bolti na si kuizunguka tu. Silikoni iliyopakwa juu ya kutu au unyevu hubanduka baada ya wiki moja. Huko mwenye kuanza kazi hii saa saba mchana anaifanyia mvua.

Rangi ilipokuwa ikikauka tuliwapeleka watoto makumbusho ya Kitale, yaliyoanza kama mkusanyiko wa kanali mmoja Mwingereza aitwaye Stoneham na kufunguliwa kwa umma kama makumbusho ya taifa mwaka 1974. Si makubwa, lakini nyuma yake kuna njia ya miguu ndani ya msitu wa asili, na Mama aliketi hapo saa nzima akisikiliza ndege. Hatukufika mbuga ya Saiwa, ndogo kuliko mbuga zote za taifa za Kenya, anakoishi nzohe, yule paa wa kinamasi mwenye kwato ndefu. Hatukufika pia mapango ya Mlima Elgon, ambako ndovu huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao. Siku za arubaini zilikuwa zikihesabika.

Hata hivyo kuna jambo moja la Kitale ambalo sisi wa pwani hatupaswi kulipita. Kwenye uwanja wa klabu ya mji kuna duara la mawe, na wenyeji huonyesha hapo kuwa ndipo watumwa walipofungiwa misafara ilipopumzika. Misafara mingi ya nchi hizi iliongozwa na watu wa pwani, waliosema lugha hii hii tunayoiandika. Kusini ya Bungoma, Mumias, kituo kilichojulikana kwa wasafiri wa wakati ule kama Kwa Sundu, misafara ilileta pia dini, na Uislamu umedumu hapo hadi leo. Watoto waliuliza maswali, nasi tuliwajibu yote mawili bila kuficha lolote.

Barabara ya kwenda Webuye hushuka taratibu kupitia Kiminini na Kamukuywa. Mahindi hupungua, miwa huongezeka, na joto hurudi kidogo kidogo mpaka Mama akavua leso ya tatu. Webuye zamani iliitwa Broderick Falls kwa ajili ya maporomoko ya mto Nzoia, ambayo wenyeji huyaita Nabuyole. Kiwanda kikubwa cha karatasi kilichoulisha mji huo kilifungwa mwaka 2009, na mpaka leo jina lake ndilo la kwanza mtu wa pale kulitaja akieleza mji wake ulivyokuwa. Tulisimama kuchota maji, tukasali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya, tukaendelea.

Bungoma iko kwenye barabara kuu ya Malaba, na malori ya Uganda hupita usiku na mchana. Kwa hiyo mafundi wake ni watu wa magari makubwa, wepesi wa springi na breki. Gari letu lilikuwa limelala nyuma kwa uzito wa kitanda na maji. Fundi mmoja alilitazama kwa mbali, hata hakuinama, akasema linahitaji jani moja zaidi la springi kila upande. Alilitia kwa asubuhi moja. Mlango wa kuteleza uliokuwa ukikwama tangu Eldoret alituonyesha kwamba gurudumu lake la chini limelika, akatafuta jingine katika debe la vipuri vya zamani. Na bila kuombwa, alipomwona Mama akishuka kwa kushikilia bega la mjukuu, alichomelea kidato cha chuma chini ya mlango, urefu wa nusu ya hatua. Malipo ya kidato hicho alikataa kupokea, akasema amlipie mama yake mwenyewe.

Mama alimpakata mjukuu siku ya thelathini na nane. Hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha aliuliza kama mtoto ameshanyolewa, akaambiwa ndiyo, na kama ameshachinjiwa, akaambiwa bado, walikuwa wakimngojea yeye. Mbuzi wawili walipatikana soko la Chwele siku iliyofuata.

Sasa hivi tunapoandika bado tuko Bungoma. Mji huu uko chini kuliko Kitale kwa mita mia tano hivi, na mbu wake ni wengi. Mama amesema halali tena garini kabla madirisha yake hayajatiwa wavu, wala hatukubali safari ya kurudi ianze na malaria. Wavu tumeshanunua sokoni, mita mbili, pamoja na utepe wa kunasia unaoshonwa pembeni ili uvuliwe na kufuliwa. Kushona atashona yeye mwenyewe. Cherehani ya mkwewe ameshaikagua na kusema inahitaji mafuta.