Mjapani wa Banda la Gemu

Kabla ya pleisteshen, Tarime mjini tulikuwa na zile gemu za kanda ambazo kila mtu aliziita Nintendo, ingawa Nintendo yenyewe haikuzijua. Zilikuwa nakala za Kichina za Famicom, mashine ambayo Wajapani waliitoa mwaka 1983. Zilivuka pale Sirari kutoka Kenya, zimebanwa katikati ya mabegi ya mitumba. Juu ya kanda waliandika kwamba ina michezo mamia. Ukiiwasha unakuta Mario, Contra, na mingine michache inayojirudia kwa majina tofauti. Contra ilikuwa kazi ya Konami. Jina hilo lilituwakia kwenye kioo kila siku na hakuna aliyejiuliza ni la nani.

Baadaye likaja banda la gemu la kweli: chumba nyuma ya duka, dirisha limezibwa kwa gunia ili runinga ionekane, benchi moja, PS2 mbili zilizotiwa chipu ili zisome CD za kuchoma. Sony waliitoa PS2 Japani mwaka 2000. Sisi ilitufikia ikiwa imeshachoka mikono ya watu wengine. Mchezo ulikuwa mmoja tu, Winning Eleven, wa Konami haohao, na CD yetu ilikuwa ya Kijapani tupu. Menyu Kijapani, majina Kijapani, mtangazaji anapayuka Kijapani. Hatukusoma hata herufi moja. Tulikariri njia: shuka mara mbili, bonyeza duara, subiri, duara tena. Kwa Wajapani wakati huo, duara ndiyo ilikuwa "sawa" na alama ya X ndiyo "rudi". Watoto waliozoea Kikurya nyumbani na Kiswahili shuleni walipiga kelele za goli kwa lafudhi ya Tokyo, na mama lishe wa jirani alikuwa akitutolea uvivu kwamba tumerogwa.

Anayefungwa anapisha. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na ndiyo iliyolisha banda. Baba yangu mdogo alikuwa na la kwake Mugumu, ng'ambo ya Mto Mara, likiendeshwa kwa jenereta, na hesabu yake ilikuwa rahisi: mechi ya dakika chache, wawili wanalipa, mmoja anatoka, mwingine anaingia na hela yake. Petroli ikipanda, anapunguza dakika. Likizo nilikuwa namsaidia kukusanya hela, ndipo nikaelewa kwa nini michezo ya Wazungu ilichelewa kwetu. GTA San Andreas ya mwaka 2004, iliyotengenezwa Edinburgh, kila mtu aliipenda, ila mtu mmoja akishika pedi anazurura na gari saa nzima, wengine wamekaa benchi wanatazama bure. God of War hivyohivyo. Baba mdogo aliziweka kwa kulipia saa, usiku tu, na kwa vijana wa kambi za utalii waliokuwa likizo na hela ya bahashishi mfukoni. Mpira ndio ulionunua petroli.

FIFA ya kwanza kuiona pale Mugumu ililetwa na mmoja wa vijana hao kutoka Arusha. Timu kwa majina yake halisi! Kwenye mpira wa Konami, Liverpool iliitwa Merseyside Red, na tulishazoea. Lakini vidole vilikataa. Kwa Konami, mraba ni kupiga shuti na duara ni krosi. Kwa FIFA ni kinyume chake. Mabingwa wa banda walifika winga, wakabonyeza duara wapige krosi, mpira ukapaa jukwaani kwa shuti la kipuuzi. Wakacheka mara moja, mara ya pili wakakasirika, kisha CD ikarudishwa kwenye mfuko wake. Wangeweza kubadili vitufe kwenye mipangilio, lakini nani akubali kushindwa na menyu?

Huko Ulaya ubishi wa Konami na FIFA ulikuwa umeshaamuliwa. Konami waliteleza walipohamia PS3, toleo lao la 2008 likawa zito na la kukatakata, huku EA, wenye FIFA, kule Vancouver wakiujenga upya mpira wao. Ilipofika FIFA 10, Winning, ambayo kwa Wazungu iliitwa PES, ilikuwa imeachwa. Waandishi wa gemu wakaanza kuzungumza juu ya kushuka kwa gemu za Kijapani kwa ujumla. Tarime haikupata habari hiyo. PS3 ilikuwa ghali na diski zake hazikuchomeka mtaani kirahisi, wakati kwa PS2 kampuni zote mbili ziliendelea kutoa matoleo mpaka ya 2014, na mafundi walikuwa wakiingiza vikosi vipya kwenye PES ya zamani. Utawala wa Mjapani ulikwisha kwetu siku PS3 za mtumba zilipoanza kuingia zikiwa zimejazwa gemu kwenye hard disk. Nyamongo, penye hela ya dhahabu, palitangulia. Mugumu ilifuata polepole. Nadhani watu hupenda kusema bora ndiyo ilishinda. Nilichoona mimi ni kwamba ilishinda iliyopatikana kwa bei ya banda, na mashine chini ya runinga ilikuwa ya Sony wakati wote.

Sasa mambo yamegeuka tena, kupitia simu. Tangu 2021 Konami wanatoa eFootball bure, na wadogo zangu wanaojua mpira wa EA kama FIFA tu, ingawa ulibadilishwa jina mwaka 2023, wameshika Konami bila kujua historia yake. Wengine wanacheza PES ya PSP ndani ya PPSSPP, programu ya Msweden mmoja inayoifanya simu ijifanye PSP, na PES hiyo imepachikwa jezi za Simba na Yanga na vijana wa hapahapa Bongo. EA hawajawahi kutuwekea Ligi Kuu yetu. Tena eFootball inataka bando, na PPSSPP haitaki, kwa hiyo kwa baba mdogo Mugumu, alikofunga banda akabaki na kuchaji simu, wanaosubiri chaji wanachezea hiyo.