Meza ya Mahari



Wapenzi wasomaji, juma hili tunaomba ruhusa tuzungumze habari ya meza. Huenda mtu akasema kuwa sheikh ameishiwa na ya dini hata akaingia katika useremala. La, hasha. Katika vitabu tulivyosomeshwa madrasa, mlango wa kuuza na kununua ni miongoni mwa milango mirefu. Na katika nyumba tunazoitwa kusuluhisha, si mara moja tumekuta chanzo cha ugomvi ni kitu kilichonunuliwa bila ya kujulikana ni kitu gani. Safari hii nyumba yenyewe ni ya damu yetu.

Binti yetu wa pili aliolewa akaenda kukaa Kisumu, mtaa wa Kaloleni. Sisi watu wa pwani hudhani wakati mwingine kuwa tukishapita Voi tumeingia ugenini. Lakini reli ilipofika ziwani mwaka 1901, watu wa kwetu walikuwamo miongoni mwa waliofuata njia ile, na leo adhana husikika Kisumu mjini na Kendu Bay upande wa pili wa ghuba. Tulimwoza kwa moyo mkunjufu. Mahari yake, ambayo ni haki yake peke yake, hakuyatawanya. Aliyaweka, na alipopata nyumba aliingia katika duka moja akanunua meza ya kulia, viti sita na kabati la vyombo. Muuzaji akamwambia, "Dada, hii ni oki tupu. Utawarithisha wajukuu."

Tulikwenda kumzuru baada ya Idi, mwaka haujatimia. Tuliona ameifunika meza kwa kitambaa kirefu kilichofika karibu na sakafu, tukadhani ni heshima ya wageni. Mama watoto wetu alipokuwa akisogeza sinia la samaki, mkono wake ulipapasa uvimbe chini ya kitambaa. Akakifunua. Ukingo wa meza ulikuwa umeachana tabaka kwa tabaka kama chapati iliyopikwa vizuri, na ndani yake mlikuwa na unga wa mbao uliofura kwa maji. Miezi minne alikuwa akimficha mumewe, na sisi akitwambia kwenye simu kuwa mambo ni mazuri.

"Baba, silii mbao," alisema. "Yalikuwa ni mahari yangu."

Mkwe wetu, Mwenyezi Mungu amjaze kheri, hakumlaumu hata kwa neno moja. Alichukua risiti tukaenda naye dukani. Katika sheria yetu, mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye kasoro iliyofichwa ana khiyari: akitaka atakishika, akitaka atakirudisha. Lakini wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wanamtaka afanye haraka mara aonapo kasoro, na binti yetu alikuwa ameikalia aibu yake miezi minne. Tena ile risiti ilikuwa imeandikwa neno moja tu: meza. Muuzaji alituonyesha neno lile, akatuuliza ni wapi palipoandikwa oki. Tulirudi kimya.

Siku ya pili tulifunga kipande kilichobanduka ndani ya gazeti tukakipeleka soko la Kibuye, ambako maseremala hufanya kazi nje, kandokando ya barabara. Mkwe wetu alikuwa na fundi amjuaye, Mjaluo mtu mzima, mtu wa kanisa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikigeuza kipande kile mara mbili, akakikwaruza kwa ukucha.

"Sheikh, hii si oki," alisema. "Wala si vinia ya oki. Hii ni picha."

Akatuvutia benchi, akatufundisha kwa subira ambayo tungependa walimu wetu wote wa chuoni wangekuwa nayo. Alisema kuwa meza inaweza kuwa moja kati ya tatu. Ya kwanza ni mbao tupu, juu mpaka chini mti mmoja. Ya pili ni vinia, nayo ni ganda la mti wa kweli lililokatwa jembamba sana, yapata nusu milimita, yaani halifikii unene wa kadi ya benki. Hubandikwa kwa gundi juu ya plaiwudi au juu ya ubao wa MDF. Ya tatu ni karatasi iliyopigwa chapa ya sura ya mti, ikabandikwa juu ya ubao wa maranda yaliyoshindiliwa. Hiyo ya tatu ndiyo aliyouziwa binti yetu.

"Na mtu atazijuaje?" tuliuliza.

"Tazama pembeni, usitazame juu," alijibu. Katika mbao tupu, mistari ya mti hupita juu, ikashuka hata kwenye kichwa cha ubao, kwa kuwa ni mwili mmoja. Katika vinia, mistari ya juu hukatika ukingoni, na pembeni huonekana tabaka za plaiwudi au utepe uliobandikwa. Katika karatasi, ukitazama kwa makini utaona fundo fulani la mti, kisha hatua chache mbele fundo lile lile, na mbele yake tena. "Mungu hachori mti mmoja mara mbili," alisema. "Mashine ndiyo huchora hivyo." Akatuambia pia tuinamie chini ya meza na tuvute mtoto wa meza tuone nyuma yake, kwa sababu mwenye kuficha hupamba mbele.

Tulimwuliza kwa nini watu wanaipenda sana oki. Mti huu, ambao kamusi zetu huuita mwaloni, hauoti mwituni kwetu Afrika Mashariki. Hutoka Ulaya na Marekani. Ni mti mgumu, na ule mweupe vinyweleo vyake vimezibika, ndiyo maana Wazungu waliutumia kuundia majahazi yao na mapipa. Ukipasuliwa kwa kuelekea kwenye moyo wa gogo, hutoa mistari iliyonyooka na mimeto midogo inayong'aa kama hariri. Ukikatwa bapa kwa bapa, hutoa sura ya vilima vilivyopandana. Na gogo likizungushwa huku likimenywa kama chungwa, hutoa mawimbi mapana yasiyo na mpango, na vinia ya namna hiyo huwa rahisi zaidi. Basi hata anayenunua vinia ya kweli ana haki ya kuuliza imekatwaje.

Hapo fundi aliinuka akatuletea ubao kutoka rundo lake. Ulikuwa na mimeto ile ile. Tukasema, alhamdulillahi, hii sasa ndiyo oki. Akacheka. Ulikuwa ni mgrevilea, mti uliopandwa kote katika mashamba ya chai na kahawa kuwa kivuli, asili yake Australia. Waingereza waliuita mwaloni wa hariri kwa ajili ya mimeto yake, wala si jamaa ya mwaloni hata kidogo. Tulijiona tumepotea mara ya pili kwa siku moja, na safari hii hakuna aliyetudanganya ila macho yetu.

Tulimwambia kwamba basi vinia ni hila, na sisi tutataka mbao tupu. Hakukubali. Alitukumbusha jinsi mbao zilivyopanda bei tangu Serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, marufuku iliyodumu mpaka ilipoondolewa mwaka 2023. Gogo moja likipasuliwa mbao hutoa meza chache. Likitolewa vinia hufunika nyingi. Tena mbao tupu pana hufura wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi, hata ikapasuka, lakini plaiwudi iliyovikwa vinia pande zote mbili hutulia. Alisisitiza pande zote mbili: ikivikwa juu peke yake, ubao hujipinda.

Tulinyamaza tukafikiri, tukakumbuka mimbari ya msikiti wa Kutubiyya, Marrakesh. Ilianzwa kutengenezwa Cordoba mwaka 1137, na leo imehifadhiwa mjini Marrakesh. Kiunzi chake ni cha mwerezi, na juu yake kimevikwa vipande vidogo vidogo vya miti ya thamani na mifupa, vilivyokatwa na kupangwa kwa ustadi mkubwa. Kwa karne nyingi makhatibu walipanda juu yake wakaamrisha mema. Hakuna aliyesema kuwa mimbari ile ni ya uongo, kwa sababu hakuna aliyesema kuwa ni kitu kingine. Kuvisha si kughushi. Ghushi huingia pale ulimi unapokipa kitu jina lisilokuwa lake. Nanyi mnaikumbuka habari ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya fungu la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu; akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akajitenga na mwenye kughushi. Hakuilaumu nafaka kwa kulowana.

Haya tuliyajua. Yanayofuata tunayaandika kwa haya.

Binti yetu aliamua kuiuza ile meza apate japo kidogo cha kuanzia nyingine. Akaja kijana mmoja aliyekuwa ndio kwanza ameajiriwa, akitafuta vyombo vya nyumba. Kitambaa kilikuwa juu, na upande uliofura ulikuwa umeelekezwa ukutani. Kijana akapapasa juu ya meza, akatuamkia kwa adabu, kisha akauliza, "Mzee, hii ni oki, sivyo?"

Binti yetu alitutazama. Nasi tulitazama kikombe cha chai. Hatukusema uongo. Tulinyamaza tu, tukiwaza fedha za mtoto wetu zilizopotea, na nafsi ikitunong'oneza kuwa si sisi tulioanza. Kimya kile hakikuzidi pumzi tatu, lakini miaka thelathini tumesimama tukiwausia watu juu ya jambo hilo hilo.

Binti yetu ndiye aliyenena. "Hapana, kaka. Nilidhani ni oki, nami nilidanganywa. Ni karatasi juu ya maranda, na upande huu umefura." Akakivuta kitambaa, akaigeuza meza kijana aone.

Kijana aliinama akatazama. Akasema ana chumba kikavu na anahitaji mahali pa kuwekea vitabu, akataja bei ndogo, nayo ikakubaliwa. Alipoondoka, binti yetu alisema kuwa tangu alipoifunika meza ile hajapata kula chakula juu yake kikamshuka vizuri.

Meza mpya aliiagiza kwa yule fundi wa Kibuye. Miguu na kingo ni mgrevilea mtupu. Uso ni plaiwudi iliyovikwa vinia ya oki juu na chini, na vinia hiyo iliagizwa Nairobi, ikiwa imetoka ng'ambo. Risiti imeandikwa yote hayo, neno kwa neno, kwa mkono wa fundi. Mtu akimwuliza kama ni oki, binti yetu humjibu, "Uso wake tu," na meza haipungui uzuri.

Mama zetu na dada zetu, mkitaka kununua, mwambieni muuzaji ataje jina la mti, na kama ni mbao tupu, vinia au karatasi, kisha aliandike. Akisita kuliandika, mmekwisha jibiwa. Karatasi nayo si haramu. Inunueni kwa bei ya karatasi na kwa jina la karatasi. Penye maji mengi kama jikoni, chagueni plaiwudi iliyounganishwa kwa gundi ya kuhimili maji, kwa kuwa MDF na ubao wa maranda hufura. Hakikisheni kila ukingo umezibwa, na kabati limeinuliwa kwa miguu, maana sisi hupiga deki kila siku. Vinia ifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa, na mwenye kuipiga msasa awe na mkono mwepesi, kwani ganda likiisha halirudi. Msiache chuma kilicholowa juu ya oki: mti ule una maji makali yanayogeuka meusi yakutanapo na chuma. Wazee wetu wa elimu waliijua siri hiyo, kwani kwa uvimbe wa mwaloni uitwao afsi na chumvi ya chuma walipika wino wa kuandikia vitabu. Na vyombo vipya vikitoa harufu kali ya gundi, fungueni madirisha siku kadhaa kabla ya kuviweka chumba cha watoto.

Na ikitokea mmedanganywa, msiifunike. Semeni mapema, kwa mume, kwa wazazi, kwa muuzaji. Aibu ni ya aliyeghushi, na haki ya kurudisha haimsubiri anayeona haya.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu, na atuongoze ndimi zetu katika kuuza na kununua. Wabillahi tawfiq.