Tusimlie Msafiri Masurufu Yake

Sisi watu wa pwani tumeijua kaskazi kwa majahazi. Wazee wetu waliupima mwaka kwa pepo mbili: kaskazi iliyowaleta wageni wa Arabuni na Ghuba kuanzia Disemba, na kusi iliyowarudisha makwao baada ya Machi. Majahazi yamepungua, lakini wako wageni wengine ambao hawajaacha kuja katika msimu huo huo, nao hawana nahodha wala shehena. Hao ni ndege wa majini. Januari iliyopita tulijaaliwa kufunga safari ya siku tatu kwenda kuwatazama katika maziwa ya Bonde la Ufa, na tumeona haifai tuliyoyashuhudia yakabaki kwetu peke yetu.

Tulipanda treni Miritini, na jioni tukapokewa na mpwa wetu, mtoto wa dada, anayekaa Lavington, Nairobi. Mtaa huo ulisifika zamani kwa nyumba za chini zenye bustani pana; siku hizi magorofa yanaota mahali pa miti. Hata hivyo, baada ya sala ya Alfajiri tuliwasikia kwarara wakipita juu ya mapaa kwa kelele zao, mfano wa mtoto aliyeamshwa kabla ya wakati.

Mpwa wetu ni mpigapicha. Alikuwa na ajira, ikakatika, na kwa miezi minane kamera ndiyo iliyokuwa ikilipa karo ya watoto wake. Mchapishaji mmoja wa kalenda alikuwa amemwahidi malipo yanayotosha kodi ya nyumba ya miezi miwili kwa picha moja tu: heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wakiruka wote kwa pamoja juu ya ziwa. Alitualika tufuatane naye ili kumwondolea upweke wa njia na, kama alivyosema kwa mzaha, kwa kuwa dua ya mjomba haipotei.

Tuliondoka kwa gari lake kupitia barabara ya James Gichuru, tukaingia Waiyaki Way, tukapanda hadi Limuru kwenye baridi, kisha ardhi ikakatika ghafla mbele yetu na Bonde la Ufa likafunguka, mlima Longonot ukiwa umesimama katikati. Kabla ya Adhuhuri tulikuwa Naivasha.

Ziwa Naivasha lina maji matamu, ufuo wake umezungukwa na mafunjo, na juu ya miti ya migunga furukombe huitana asubuhi. Miongoni mwa ndege wenyeji tuliwaona bata waliotoka kaskazini ya dunia. Inafaa msomaji aelewe jambo hili. Baridi inapoingia Ulaya na Siberia, maji huganda na chakula hufichwa na barafu. Ndege huondoka kwa mamilioni. Baadhi yao huishia katika nchi za Mediterania, kwenye maeneo ya majimaji kama Camargue ya Ufaransa, Doñana ya Hispania na Ichkeul ya Tunisia, na huko watu hufunga safari za magari wakati wa baridi ili kuwatazama na kuwapiga picha. Wengine hawatosheki na hapo. Huvuka bahari na jangwa wakaja kwetu. Ndiyo maana hesabu ya kila mwaka ya ndege wa majini hufanywa Januari, huko na huku, wakati wageni wameshatua na kutulia. Hapa Kenya imekuwa ikifanywa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Siku ya pili tulikuwa Nakuru. Ziwa hilo ndilo la kwanza la Kenya kuingizwa, mwaka 1990, katika Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu, uliotiwa saini katika mji wa Ramsar nchini Iran tarehe 2 Februari 1971. Naivasha liliingia mwaka 1995 na Elmenteita mwaka 2005. Lakini mkataba hauzuii maji. Katika miaka ya karibuni maziwa ya bonde hili yamefurika, na Nakuru limemeza misitu ya migunga na lango kuu la zamani la mbuga. Heroe mdogo hula mwani usioonekana kwa macho, unaostawi katika maji yenye magadi mengi. Maji ya mvua na mito yanapozidi, magadi huzimuliwa, mwani hupungua, na ndege huhama kutafuta ziwa jingine. Siku hiyo tuliwakuta wachache, mbali, kama ukungu mwembamba wa waridi. Mpwa wetu aliifunga kamera yake bila kusema neno. Ilibaki Elmenteita peke yake, na siku moja.

Ziwa Elmenteita ni dogo, la magadi, na visiwa vyake vya mawe ni mahali mashuhuri ambapo mwari weupe hutaga, ingawa samaki wa kuwalisha makinda huwaendea maziwa mengine. Siku ya tatu, mchana, tuliwakuta heroe kwa maelfu karibu na ufuo, vichwa chini, midomo imepinduliwa majini, wakichuja. Hivyo ndivyo wanavyokula, na kazi hiyo huwachukua sehemu kubwa ya siku, kwa sababu kila tonge ni dogo mno.

Kijana mmoja anayeongoza wageni ufuoni alitufuata. Akasema, “Mzee, nitoleeni mia tano tu. Nikirusha mawe mawili wataruka wote, na huyu apate picha yake.”

Mpwa wetu alitugeukia. “Mjomba, wasemaje?”

Hatukumpa amri, kwa kuwa kamera ni yake na watoto wanaosubiri karo ni wake. Muda mfupi kabla ya hapo tulikuwa tumesali Adhuhuri na Alasiri kando ya gari, kwa kukusanya na kupunguza, na fikra zilikuwa bado ziko kwenye ile ruhusa. Tukamwambia: “Mwanangu, sheria imemhafifishia msafiri sala yake kwa kuwa inajua safari ina uzito. Watazame wale wadogo waliosimama kati ya miguu ya heroe.”

Walikuwa vitwitwi. Yumo katika jamii yao mmoja mdogo sana, ambaye uzito wake haufiki gramu 40, naye huzaliwa katika nchi za baridi kali za kaskazini ya Urusi. Ndege wa aina hii, kabla ya kurudi makwao, hula usiku na mchana hadi wajaze mafuta mwilini, na wengine hukaribia kuzidisha uzito wao maradufu. Mafuta yale ndiyo masurufu yao ya safari. Hakuna bandari atakayokopa, wala jamaa wa kumtumia fedha. Kila anaporushwa bila sababu, huchoma kidogo katika akiba ile na kupoteza muda wa kula. Jiwe moja halimuui. Lakini ufuo ule hupokea wageni kila siku, na kila mgeni ana kamera na mia tano yake.

Mpwa wetu alinyamaza, kisha akamuuliza yule kijana, “Ukiwarusha leo, kesho unawakuta?”

Akajibu kwa ukweli, “Mara nyingine huhamia ng’ambo. Basi mimi hukaa bure siku mbili.”

Alimpa zile mia tano, akamwomba akae nasi atuelekeze ndege kwa majina. Tukakaa chini, jua likiwa mgongoni, hadi kivuli cha milima kikafika majini. Heroe hawakuruka. Baada ya saa nzima ya utulivu wetu walisogea wenyewe, hata tukasikia maji yakichujwa midomoni mwao. Alipata picha ya kitwitwi mmoja akila kati ya misitu ya miguu myekundu.

Mchapishaji aliikataa. Alitaka ndege warukao, akazinunua kwa mtu mwingine. Kodi ya mwezi ule tuliichangia sisi na dada yetu. Hatusimulii haya kumpamba mtoto wetu, bali ili ijulikane kuwa adabu ina gharama, na kwamba asiyekuwa tayari kuilipa asijidai anayo.

Wala msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya bara. Hapa kwetu, maji yanapotoka katika hori ya Mida karibu na Watamu, ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene hutembea akitafuta kaa. Huyo huzaliwa kwenye visiwa vya mchanga pande za Ghuba na Oman, akaja na pepo ile ile waliyokuja nayo wazee wa baadhi yetu. Sululu na vitwitwi wamejaa mlangoni mwa mto Sabaki, na delta ya Tana imo katika Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2012. Nako tunawaona watoto wakishindana kuwarushia mawe na mbwa wakiachiwa kuwafukuza, nasi watu wazima tukicheka.

Basi kaskazi hii, mzazi, mchukue mwanao ufuoni maji yakianza kujaa, maana hapo ndege husogezwa karibu na nchi kavu bila ya kufukuzwa na mtu. Azima darubini ukipata. Kaeni chini, jua likiwa nyuma yenu, msiseme kwa sauti. Ndege akiinua kichwa na kuacha kula, mmeshakaribia kupita kiasi. Rudini hatua chache. Akiinama tena na kuendelea kula, hapo mtoto apige picha.