Orodha ya Loiyangalani

Daftari lenyewe ninalo mpaka leo. Ni la kurasa 96, jalada la buluu lililoliwa na mende pembeni, na kwa nyuma, baada ya maazimio ya kazi ya Darasa la Saba, kuna orodha niliyoiandika Julai 1996: mitungi miwili ya lita 20, sufuria, kibiriti pakiti nzima, unga kilo sita, maharagwe, chumvi, kamba ya katani, dawa ya malaria. Hapo nimepiga mstari. Chini ya mstari kuna vitu vitatu: tumbaku ya kutafuna nusu kilo, majani ya chai, magazeti. Mimi tumbaku sijapata kuitia kinywani.

Siku hizo nilikuwa mwalimu kijana Nyahururu, mtu wa Mombasa niliyepelekwa bara kufundisha Kiswahili na kutetemeka. Mwenzangu wa jografia alikuwa kila mwaka akiwaeleza watoto kwamba Ziwa Turkana ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya jangwani duniani, kwamba Count Teleki alilifikia 1888 akalipa jina la Rudolf, mrithi wa ufalme wa Austria, na kwamba jina hilo lilibadilishwa 1975. Muhula wa pili mtoto mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, wewe umeliona?" Mwenzangu akarudi ofisini amenuna. Jioni ile ile tukakata shauri: likizo ya Agosti tunakwenda Loiyangalani, mji mdogo ulioko ufuoni, upande wa kusini mashariki wa ziwa. Siku nne tu. Moja ya kwenda, mbili za kutembea na kupanda vilima, moja ya kurudi. Mtu asiyewahi kufika mahali hapati taabu kupanga.

Taabu ilianza tulipotaka kujua gari lipo au halipo. Ramani tulinunua Nairobi, kwenye duka la ramani la serikali, na ilituonyesha njia kwa mstari mwembamba uliokatika-katika kama mshono wa fundi mwanafunzi. Lami iliishia Rumuruti. Matatu zilifika Maralal. Kutoka Maralal kwenda mbele, kila tuliyemuuliza alikuwa na hadithi, na hakuna aliyekuwa amekwenda. Mmoja alituambia kuna majambazi, mwingine akasema kuna nge wakubwa kama kiganja, wa tatu akatuuliza kwani kwetu hakuna maji mpaka tukayafuate jangwani.

Mwishowe dereva wa matatu ya Maralal akatushauri tumwandikie mama mmoja mwenye duka la jumla kule, ambaye malori ya kwenda ziwani hupakia mlangoni pake. Tukaandika kijibarua: "Mama, shikamoo. Sisi ni walimu wawili, tunataka kwenda Loiyangalani siku nne. Gari linapatikana?" Siku tisa zikapita. Siku ya kumi dereva akatushushia karatasi ile ile, nyuma yake imeandikwa kwa penseli: "Marahaba walimu. Lori lipo, siku yake haijulikani. Maji mchukue ya kuwatosha. Mkija mje na tumbaku, majani ya chai na gazeti lolote, hata la zamani. Watu wa huko wataomba."

Ndipo nikapiga ule mstari kwenye orodha. Juu yake vyetu, chini yake vyao.

Maralal tulingoja lori siku tatu. Nyumba alimozuiliwa Jomo Kenyatta mwaka 1961, kabla ya kuachiliwa, tuliitembelea mara mbili kwa kukosa kazi. Siku ya nne alfajiri taniboi akaja kutugongea, tukapanda juu ya magunia ya unga na kreti za soda pamoja na abiria wengine kumi na kitu, mbuzi watatu na godoro. Nikaushika waya wa turubai kwa mkono wa kulia. Mkono huo ulikuwa na malengelenge wiki nzima. Tulilala Baragoi. Kesho yake tukapita South Horr, bonde lenye miti na maji ya chemchemi, ukiliona utadhani umekosea njia. Halafu miti ikaisha, udongo ukaisha, yakabaki mawe meusi ya volkano, ukubwa wa vichwa vya watu, mpaka upeo wa macho. Lori likawa linateremka kwa mwendo wa mtu mzee anayeshuka ngazi. Tulipozunguka kilima cha mwisho, mwenzangu wa jografia akanishika bega bila kusema neno. Chini yetu ziwa lilikuwa la kijani kibichi, na hakukuwa na jani hata moja kandokando yake.

Kuhusu hema nitasema kidogo tu, kwa sababu aibu yake haijaisha. Tuliazima la skauti wa shule. Jua lilikuwa limetua, tumelisimamisha chini ya mikoma, tunajipongeza. Kama saa nne usiku upepo ukashuka kutoka Mlima Kulal, wa moto, kama mtu amefungua mlango wa tanuri la mikate, ukang'oa vigingi vyote kwa mpigo mmoja. Tulilala tumelikalia hema ili lisiende ziwani. Asubuhi mama mmoja wa Kiturkana alikuja kututazama, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akatuchukua kwake. Nyumba yake ilikuwa ya mviringo, imeezekwa makuti ya mkoma kuanzia chini hadi juu, na juu ya makuti zimepita kamba zilizofungiwa mawe mazito yanayoning'inia pande zote. Akanionyesha jiwe, akanionyesha kigingi chetu cha bati, akacheka tena.

Jioni ya pili ndipo nilipoelewa yule mama wa Maralal alijua nini. Tumbaku ilikwisha ndani ya saa moja, kila mzee akipokea kipande chake kwa mikono miwili. Majani ya chai yalikwenda kwa akina mama. Lakini gazeti! Mwenye kibanda cha chai alipoona Taifa Leo imechungulia kwenye mkoba wangu, aliweka birika chini. Lilikuwa la wiki iliyopita. Watu wakakusanyika, wanaume kwa wanawake, na kwa kuwa ilijulikana kuwa ninafundisha Kiswahili, nikaambiwa nisome kwa sauti. Nilisoma kurasa zote, hata za matangazo ya vifo. Kijana mmoja akawa anageuza Kisamburu, mwingine Kiturkana. Habari iliyorudiwa mara tatu ilikuwa ya Olimpiki ya Atlanta: Joseph Keter ametwaa dhahabu ya mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Moses Kiptanui tuliyemtarajia akawa wa pili. Mzee mmoja alitaka kujua hayo maji wanayoruka ni ya nini, na kwa nini yamwagwe uwanjani. Sikuwa na jibu la kumtosheleza mtu wa Loiyangalani.

Kurudi nako kulikuwa na mambo yake. Lori haliondoki mpaka lijae samaki, na samaki hawana ratiba. Tulikaa siku tano zaidi tukila ng'onda wa sangara asubuhi na jioni, tukarudi juu ya hao hao ng'onda. Siku nne zilikuwa zimegeuka kumi na tano. Mwenye nyumba wangu alikuwa amekwisha kwenda polisi kuniulizia, na nguo zangu alizikataza zisianikwe uani.

Mara ya pili ilikuwa 2012, na hiyo naipita haraka. Rafiki alikuwa na Land Cruiser, njia ilikuwa ya Isiolo, lami imefika Merille. Tulipanga kwa siku mbili, kwa simu. Nilibeba tumbaku kwa mazoea, nikakuta duka la Loiyangalani linaiuza kwa bei nafuu kuliko Nyahururu. Gazeti nililomkunjulia kijana mmoja ufuoni, la siku ile ile niliyotoka Isiolo, alilitazama kwa adabu, akaniambia habari hizo ameshazisoma kwenye simu. Akaniomba chaja.

Sitasema uongo kwamba nililipokea vizuri. Nilijiona kama mgeni aliyekuja na zawadi ya ndizi kwa mwenye shamba la migomba. Ila ni haki yao. Wanaosema barabara na simu zimeharibu utamu wa kaskazini ni watu kama mimi, tuliokwenda siku kumi na tano tukarudi kusimulia. Mama anayepata uchungu wa kuzaa usiku Loiyangalani hakuwa akiona utamu wowote katika lori linalongoja samaki.

Mara ya tatu ilikuwa mwanzo wa 2023, na mpangaji hakuwa mimi. Binti yangu alikuwa na siku nne za likizo kazini, ndizo zile zile siku nne, akasema, "Baba, twende ulikokuwa unatusimulia." Alikaa kwenye kochi baada ya chakula cha jioni na simu yake. Akatazama njia: Nairobi, Isiolo, Laisamis, yote lami, kisha kushika kushoto barabara ya changarawe iliyotengenezwa upya kwa ajili ya kupitisha mitambo ya umeme wa upepo. Akatazama picha ya setilaiti, akanionyesha hata kile kilima cha mwisho. Akapata nyumba ya wageni, akatuma malipo ya awali kwa M-Pesa. Akapata mwenye mashua wa kutupeleka kwa Waelmolo, jamii ndogo ya wavuvi walio kaskazini kidogo ya mji. Kahawa yangu ilikuwa bado ya moto.

Kisha akaandika orodha yake: gurudumu la pili la akiba, pawabenki mbili, krimu ya jua, miwani, kofia, chumvi chumvi za kuchanganya na maji, hema. Nikamletea daftari langu acheke. Alicheka kwenye kibiriti pakiti nzima. Alipofika kwenye mstari akanyamaza.

"Hii tumbaku na magazeti ilikuwa ya nani?"

"Ya wenyeji."

"Nani aliwaambia wanavitaka?"

Nikamweleza kijibarua na penseli na siku tisa. Akaitazama orodha yake kwenye simu, akaisogeza juu, akaisogeza chini. Yote ilikuwa yetu. Bila kuniambia neno akampigia tena mwenye mashua, akaweka sauti nje ili nisikie. "Samahani kwa usumbufu. Tukija, tuwaletee nini?"

Kule upande wa pili kukawa kimya, nikadhani mtandao umekatika. Kisha yule bwana akasema, "Maji. Si yangu mimi, mimi niko mjini, nina chemchemi. Ya Komote."

Komote ni kijiji cha Waelmolo. Niliwahi kukifikia kwa miguu, 1996, kwa njia ya mawe. Miaka ya karibuni ziwa limepanda na kumeza ile njia, kijiji kikageuka kisiwa, watoto wakawa wanakwenda shule kwa mashua, na bomba lililokuwa likiwapelekea maji matamu likazama. Maji ya ziwa yana magadi. Mtu anaweza kuyanywa asife, lakini yanabadilisha meno kuwa ya kahawia na mifupa nayo haiponi. Na huo ulikuwa msimu ambao mvua zilikuwa zimeshindwa mara tano mfululizo. Mbuzi waliokufa tuliwaona kandokando ya barabara tangu Laisamis, ngozi juu ya mifupa, wamelala kama waliotupwa.

Tulijaza mitungi kumi Isiolo. Ili itoshe tulikunja viti vya nyuma, tukaliacha hema kwa rafiki, mimi sikulililia. Saa tisa alasiri tukaviona vinu, nguzo nyeupe zenye mapanga matatu matatu, zimejipanga tambarare yote chini ya Kulal. Viko 365, vilizinduliwa rasmi 2019, na umeme wake husafiri kilomita 428 kwa nyaya mpaka Suswa, karibu na Nairobi. Binti yangu alisimamisha gari apige picha. Nilipofungua mlango upepo ukaunyakua mkononi mwangu. Nikamwambia huyu ndiye yule aliyeng'oa hema letu, siku hizi ameajiriwa.

Loiyangalani tuliingia siku ya pili kabla ya jua kutua. Hakuna aliyetuuliza habari za Nairobi. Mwenye kibanda cha chai, si yule wa zamani, alikuwa anatazama mpira kwenye simu, akatumiminia chai kwa mkono mmoja bila kumwaga. Nyumba za makuti bado zipo, kamba ni za nailoni, mawe ni yale yale.

Asubuhi tukaenda ghubani. Mwenye mashua alihesabu mitungi, akatutazama sisi wawili, akatazama kina cha mashua yake ya mbao, akasema uzito wote kwa pamoja haufai, upepo haujatulia. Binti yangu akaketi juu ya jiwe jeusi na kofia yake, nami nikaketi kando yake. Mashua ilivuka mara mbili: mara ya kwanza ilipeleka maji, mara ya pili ikatupeleka sisi.