Kuku Mgonjwa na Mchuuzi Mlangoni

Katika nchi ya Embu na Meru, kutoka mashamba ya chai yaliyo karibu na msitu wa Mlima Kenya hata kushuka Mbeere na Tharaka kwenye joto na mtama, ni shida kuona boma lisilokuwa na kuku. Mwenye ng'ombe anao, na asiye na ng'ombe anao vile vile. Fedha za kahawa huja mara chache kwa mwaka, na zikija mara nyingi huingia mkononi mwa mume. Bali kuku ni mali ya mama. Akitaka chumvi, au daftari la mtoto, au nauli ya kwenda hospitali ya Chogoria, humkamata kuku mmoja alfajiri akaenda naye sokoni, wala haombi ruhusa ya mtu. Kwa hiyo kuku mmoja akiinamisha kichwa, jambo hilo si dogo kama wanavyodhani watu wa mjini, ambao kuku wanayemjua ni yule aliye katika sahani.

Nyanya mmoja wa upande wa Runyenjes alikuwa na kuku majike wanane na jogoo mmoja. Mwezi wa Julai, wakati wa ukungu na baridi, jike moja jekundu, lenye vifaranga tisa, lilibaki bandani wenzake walipotoka. Manyoya yalikuwa yamesimama, macho yamefumba nusu, na mabawa yananing'inia kama koti la mtu mzima alilovishwa mtoto. Mjukuu wake, aliyekuwa kidato cha pili, ndiye aliyemwona kwanza.

"Nyanya, huyu ana baridi tu," alisema.

"Baridi humshika kuku aliyenyonyoka, mjukuu wangu. Huyu manyoya yake ni mazima. Lete lile tenga."

Akamfunika katika tenga nyuma ya jiko, mahali penye joto na mbali na wenzake, akampa maji safi katika kikopo chake peke yake na uji mzito kidogo. Baada ya kumshika alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kuwatupia wengine mahindi. Hayo ndiyo matunzo ya kwanza, nayo yafaa kwa ugonjwa wowote, kwa maana siku ya kwanza hakuna ajuaye kuku ana nini. Huenda ni minyoo. Huenda yai limemkwama, na hapo maji ya uvuguvugu yaweza kumsaidia. Akiwa na vinundu juu ya kilemba na kandokando ya macho, hiyo ni ndui ya kuku, ambayo huletwa na mbu. Kifaranga akihara damu, mara nyingi ni koksidia, na dawa yake hupatikana katika maduka ya dawa za mifugo. Chawa nao hupungua kuku wakiwekewa jivu kavu la kuogea.

Lakini siku ya pili kinyesi cha yule jike kilikuwa cha kijani kibichi, naye alikuwa akipumua kwa kuachama mdomo. Siku ya tatu shingo ilianza kupinda hata kichwa kikatazama mgongo. Mwenye kuona hayo kwa kuku asiyechanjwa ana sababu ya kuhofia kideri, ambacho wengine hukiita mdondo.

Majirani wakaja na mashauri yao. Mmoja alileta pilipili, wa pili akaleta mshubiri uliopondwa ndani ya maji, wa tatu akatoa kapsuli za dawa ya binadamu zilizobaki tangu mtoto wake alipougua. Wote walikuwa na nia njema, lakini kideri ni ugonjwa wa virusi, na hakuna dawa iwezayo kuuponya, iwe ya majani au ya dukani. Kapsuli hizo ziliachwa mfukoni mwa mwenyewe, na hilo lilikuwa jema. Watu husema pia kwamba kideri huletwa na upepo. Pengine upepo una sehemu yake, lakini ugonjwa huu husafiri zaidi kwa miguu ya watu, kwa matenga, kwa manyoya yaliyotupwa njiani, na kwa kuku mwenyewe anayeonekana mzima huku amekwisha kuambukizwa siku tano au sita.

Siku hiyo ya tatu mchuuzi wa kuku alifika kwa pikipiki, tenga likiwa nyuma.

"Nyanya, habari ya asubuhi. Nasikia ugonjwa umeingia hapa. Nipe hao wanaotembea kabla hawajaanguka. Nitakulipa nusu ya bei, nawe utapata fedha yako sasa hivi."

"Unawapeleka wapi, mwanangu?"

"Ng'ambo ya Thuchi, soko la Chuka."

"Na wanaowanunua ni akina nani?"

"Wengine huchinja, wengine hufuga. Mimi siulizi."

Nyanya alikuwa na binti aliyeolewa ng'ambo ya mto Thuchi, na binti huyo hununua mitetea yake katika soko lilo hilo. Akakataa. Mjukuu, ambaye karo yake ilikuwa ikingojewa shuleni, alisema kwa uchungu kwamba wakifa watakuwa wamekosa kuku na fedha pia. Neno hilo lilikuwa la kweli, naye nyanya hakulijibu. Mchuuzi akaenda boma la tatu akajaza tenga lake.

Jike jekundu likafa siku ya nne. Kabla ya juma kwisha, sita katika wale wengine walimfuata, pamoja na jogoo na vifaranga wote. Likabaki jike moja tu. Nyanya hakutupa hata mmoja migombani, ambako mbwa wangemkokota. Alichimba shimo refu akawazika wote, na manyoya ya bandani akayachoma. Mjukuu alikaa nyumbani siku tisa mpaka mjomba wake alipotuma fedha kwa simu.

Ugonjwa huu si wa jana. Ulitambuliwa mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, ambao ndio ulioupa jina lake la kigeni. Na katika Kenya uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1935, Mombasa. Chanjo ipo. Ile inayotengenezwa na shirika la serikali la KEVEVAPI, lililoundwa mwaka 1990, huuzwa hata katika miji midogo. Tone moja jichoni, kwa kuku mzima tu, na kurudia kila miezi mitatu. Kwa nini basi mama wengi hawachanji? Wengi husema ni ujinga, lakini kusema hivyo ni kuwaonea. Chupa moja mara nyingi ni ya kuku 100, nayo ikichanganywa haiwezi kuwekwa hata kesho. Mwenye kuku wanane atafanya nini na matone tisini na mawili?

Jibu lilipatikana mwezi wa Septemba, katika kikundi cha akina mama wa kijiji hicho. Maboma 11 yalihesabu kuku wao yakapata 93. Kijana mmoja alitumwa Embu kwa matatu, akarudi na chupa ndani ya chombo chenye barafu, na jioni, kuku walipokwisha kuingia bandani, wakapita boma kwa boma, mmoja akishika kuku na mwingine akitia tone. Mjukuu aliandika tarehe ya kurudia. Nyanya alikuwa na jike lile moja na mitetea miwili aliyoletewa na binti yake, nao walikuwa wamekaa majuma mawili peke yao kabla ya kuchanganywa na jike hilo.

Ugomvi uliotokea ulikuwa juu ya malipo, kwa maana mwenye kuku watatu hakutaka kutoa sawa na mwenye ishirini. Wakakubaliana kila mtu alipe kwa hesabu ya kuku wake. Mama mmoja akauliza kama kifaranga naye atalipiwa nusu. Akaambiwa atalipiwa sawa na jogoo, kwa kuwa tone ni lile lile.