Yeye ni Nani, au Sisi ni Nani?

Mei 2015, sisi wa usharika huu tulijaza chumba kimoja cha ofisi kwa magunia ya unga, maharage, sabuni na nguo. Warundi walikuwa wanakimbia machafuko ya nchi yao. Maelfu walikuwa wamekwama ufukweni Kagunga, kipindupindu kimeshaingia, na meli ya Liemba ilikuwa inakwenda na kurudi ikiwaleta Kigoma mjini. Washarika walitoa kwa moyo. Bibi mmoja mjane alileta doti ya khanga ambayo ilikuwa haijakatwa.

Kisha swali likaja katika baraza la wazee: vitu hivi tunampa nani? Mzee mmoja akatukumbusha Wagalatia 6:10, pale Paulo anapowataja kwa namna ya pekee walio nyumba moja nasi katika imani. Tukaafikiana tuwatafute kwanza Walutheri, tena wenye barua za utambulisho kutoka sharika zao. Sisi wachungaji tulikuwepo katika kikao kile, na tulikubali. Mtu amekimbia usiku na mtoto mgongoni, sisi tunataka barua. Wiki tatu zikapita tukiwatafuta hao wenye barua. Tulipofungua chumba, unga ulikuwa umeingia wadudu.

Jumapili moja yule bibi alitusimamisha mlangoni baada ya ibada. "Baba Mchungaji," akauliza, "zile khanga zilimfikia mtu?" Tulimjibu kwamba kazi inaendelea. Jambo hilo hatukulisema madhabahuni. Tunalisema hapa kwa sababu lilikuja kuguswa na watu ambao hatukutarajia watufundishe.

Miaka michache baadaye tulikwenda Nairobi kwa semina ya diakonia. Huko tulikutana na mama Mkongo aliyekimbia vita vya Kivu. Alitusimulia kwamba alipofika mjini hana mtu, alipokelewa na shirika linaloitwa HIAS. Walimpatia mshauri wa kumsikiliza kwa yale aliyotendewa njiani, na baadaye wakamsaidia kuanza biashara ndogo. Tukamuuliza shirika hilo ni la kanisa gani. Akasema hajui, maana hakuna aliyemuuliza anasali wapi. Tulipofuatilia, tukakuta ni shirika la Wayahudi wa Marekani, na kwamba limehudumia wakimbizi Kenya tangu 2002.

Tuliona aibu, lakini tulitaka pia kuelewa. Wayahudi hawa walifikaje hapo?

Habari yao inaanzia 1881. Mwaka ule Wayahudi wa himaya ya Urusi walianza kushambuliwa, nyumba na maduka yao yakavunjwa. Fujo zilianzia mji wa Yelisavetgrad, ambao leo uko Ukraine. Wengi wakapanda meli kwenda New York, na Wayahudi waliotangulia huko wakajipanga kuwapokea. HIAS ilikua kutoka katika kazi hiyo. Kwenye kisiwa cha Ellis, mahali wahamiaji walipokaguliwa, iliweka watu wa kutafsiri lugha, wa kuwatetea waliotaka kurudishwa, na wa kuwatafuta jamaa zao. Mwaka 1914, vita kuu ilipoanza, balozi wa Marekani katika dola ya Waturuki aliomba dola 50,000 kwa ajili ya Wayahudi wa Palestina waliokabiliwa na njaa. Kutokana na ombi hilo likazaliwa shirika jingine, linalojulikana kama Joint.

Wakati huo kila mtu alisaidia ndugu zake, kama sisi tulivyotaka kufanya. Lakini tusiwahukumu haraka, kwa kuwa ndugu zao hawakuwa na mwingine. Mwaka 1939 meli ya St. Louis iliondoka Ujerumani na abiria zaidi ya 900, karibu wote Wayahudi. Kuba iliwakatalia isipokuwa wachache, Marekani nayo ikawakatalia, meli ikageuza. Joint ilihangaika mpaka Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi zikakubali kugawana abiria wale. Hata hivyo Wanazi waliziteka tatu kati ya nchi hizo, na abiria 254 wakafa katika maangamizi. Watu waliofungiwa mlango namna hiyo wangeweza kusema: tangu leo kila mtu na wake.

Hawakusema hivyo. Baada ya 1975 HIAS iliwapokea Wavietnamu waliokimbia nchi yao. Wayahudi waliohitaji kukimbia walipopungua, shirika lingeweza kufunga ofisi. Badala yake likaendelea na wakimbizi wa Darfur walioko Chad, na wa Somalia, Kongo na kwingineko. Wenyewe hueleza kwamba zamani waliwasaidia watu kwa sababu watu hao ni Wayahudi, na sasa wanawasaidia kwa sababu wao wenyewe ni Wayahudi.

Tuliporudi nyumbani tulikaa na maneno hayo kwa muda mrefu. Swali letu katika baraza lilikuwa: yeye ni nani? Swali lao limekuwa: sisi ni nani? Tukafungua Mambo ya Walawi 19:34, andiko tulilolisoma mara nyingi. Mungu anaamuru mgeni apendwe, na sababu anayoitoa haimhusu mgeni kabisa. Haisemi kwamba mgeni ni mwema, au ni wa dini yako. Inamkumbusha Mwisraeli kwamba yeye mwenyewe alikuwa mgeni Misri. Walimu wa Kiyahudi katika Talmud walihesabu kwamba Torati inaonya kuhusu mgeni mara 36, na wengine wakasema 46. Na neno lao la sadaka, tzedakah, linatokana na neno haki. Kwao anayetoa hajafanya hisani, ametimiza haki. Ndiyo maana mwalimu wao mkuu Maimonides aliweka daraja la juu kabisa la utoaji kuwa ni kumsaidia mtu apate kazi au biashara, asihitaji tena kuomba.

Mambo haya si nadharia. Vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, kituo cha jumuiya ya Wayahudi cha Kraków, Polandi, kiligeuzwa kuwa mahali pa kugawa chakula, nguo na dawa. Auschwitz iko mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja kwa gari kutoka hapo. Wengi waliohudumiwa hawakuwa Wayahudi. HIAS nayo iliwahudumia watu wanaotoka nchi ileile ambayo mababu walitimuliwa mwaka 1881.

Tena wamelipa gharama. Tarehe 27 Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliingia katika sinagogi la Tree of Life, Pittsburgh, akaua waabudu 11. Kabla ya kuingia alikuwa ameandika maneno ya chuki dhidi ya HIAS kwa sababu inaleta wakimbizi. HIAS haikuacha kazi.

Hapa sisi Walutheri hatuna budi kuinamisha vichwa. Chuoni tulijifunza Katekisimo Ndogo kwa moyo, lakini si wengi wetu tulioambiwa kwamba mwaka 1543 Luther aliandika kitabu dhidi ya Wayahudi, akishauri masinagogi yao yachomwe moto na nyumba zao zibomolewe. Wanazi walikitumia kitabu hicho. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliyakataa maneno hayo katika mkutano wake wa Budapest mwaka 1984. Na mwaka 2013 Fungamano hilohilo lilishirikiana na HIAS, Waislamu na makanisa mengine kuandaa tamko la viongozi wa dini kuhusu kumpokea mgeni. Watoto wa waliotukanwa wamekaa meza moja na watoto wa aliyetukana. Hiyo nasi tunaiita neema.

Katika Luka 10 mwanasheria alimuuliza Yesu jirani yake ni nani. Yesu akamrudishia swali likiwa limegeuzwa: ni yupi aliyekuwa jirani? Tumelihubiri andiko hilo miaka mingi, na chumba kimefungwa.

Siku hizi barua hatuombi. Wakimbizi wakifika, baraza hukutana kwa mambo mawili tu: nini kinahitajika, na gari ni la nani. Unga hautakiwi kulala kwetu zaidi ya siku mbili. Mzee aliyesoma Wagalatia ndiye anayetunza funguo za chumba, na alituonyesha kwamba mstari uleule, kabla ya kuwataja wa nyumba ya imani, unawataja watu wote.

Khanga za yule bibi zilipelekwa mwishoni, zikiwa zimechelewa. Alifariki mwaka uliofuata. Alizipata nani hatujui, na tuliomba msamaha kwake akiwa hai, jambo ambalo tunamshukuru Mungu kwamba hatukulichelewesha pia.