Nilikata mwembe kwa simu

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimehama nchi. Hapana jamani, nilikuwa kwetu Kasulu, na kisa chenyewe ni mwembe.

Mvua za kwanza zilikuja na upepo. Usiku mmoja tawi la mwembe ulio nyuma ya nyumba likakatika na kuangukia bati la chumba anacholala mama. Bati likabonyea, mbao moja ya kenchi ikapasuka, mama akatoka mzima. Aliponipigia asubuhi hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, ule mti wako umeangukia nyumba." Mti wako! Nikajua anakumbuka nini.

Miaka minne nyuma, majirani walikuwa wamemtia hofu kwamba mwembe umerefuka mno. Mimi niko Dar, ndani ya daladala, foleni haisogei. Nikatuma hela kwa simu, vijana wawili wakatafutwa, nikawaambia: "Kateni kichwa, uwe mfupi." Dakika tano, kazi imeisha, nikajiona mtoto mwema. Nilipotumiwa picha mwembe ulikuwa kama mkono usio na vidole. Mwaka uliofuata ukachipua kwa fujo, matawi membamba yamesimama wima kama nywele za mtu aliyeshtuka. Nikasema, si umeona, umepona!

Haukupona. Hilo nimekuja kulijua kwa mjomba.

Mjomba huyu ni ndugu wa ukoo upande wa mama, anaishi Kibondo, na kazi yake ni kupanda miti ya watu. Simaanishi mbegu na miche, namaanisha kukwea. Anaitwa pale mti umeinamia choo, au tawi linakwaruza paa la kanisa. Nikamfuata kwa barabara ile ambayo utoto wangu wote ilikuwa vumbi jekundu. Nilimkuta juu ya mkaratusi, miguu peku, kamba kiunoni, msumeno wa mkono unaning'inia mgongoni.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba. Usisimame hapo, mwandishi. Ukifa hapo chini, hiyo habari yako nitaisoma wapi?"

Nikasogea. Alikuwa anaondoa tawi nene kama paja langu, na mimi nilidhani kukata tawi ni kukata tawi. Kumbe! Kwanza alilikata kidogo kwa chini, mbali na shina. Halafu akasogea mbele kidogo, akakata kwa juu mpaka likaanguka lenyewe. Bila ule mkato wa chini, tawi likianguka linaondoka na gome la shina, kama mtu anayevua shati na ngozi. Mwisho akarudi kwenye kisiki cha tawi kilichobaki, akakiondoa, ila hakukata kwa kulingana na shina. Aliacha ule uvimbe ambapo tawi linatokea. Yeye anauita shingo. "Ukikata shingo, umeua mlango wa kufungia," akasema. Sikumwelewa hapohapo.

Tulipokaa kunywa chai nikamuuliza alijifunzia wapi. Nilitegemea aseme chuo fulani, au mradi fulani (Kibondo na Kasulu, kwa wasiojua, ni nchi ya miradi, tangu wakimbizi wa Burundi na Kongo waanze kupokelewa huku, kila kona ina kibao). Akasema alijifunza kwa kuua.

Ujana wake alikuwa mrina asali. Walikuwa wanaingia porini upande wa Moyowosi, wanakaa wiki kadhaa. Mzinga wao ulikuwa wa magome: unachagua mti wa miombo ulionyooka, unakata gome juu na chini kuzunguka shina, unalichana, unalibandua zima kama soksi, unalishona tena, unalitundika kwenye mti mwingine. Mzinga haudumu miaka mingi. Mti uliovuliwa hauna gome la kushusha chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini, kwa hiyo mizizi inakufa njaa, polepole. "Unaurudia msimu ujao bado una majani, unasema huyu ni mwanamume. Msimu wa tatu unaukuta mkavu, umesimama." Alisema alihesabu miti yake mpaka akaacha kuhesabu. Siku hizi mizinga mingi ni ya mbao na wataalamu wa nyuki hawataki kusikia habari ya magome, lakini yeye alikuwa ameshaacha kurina. Kilichobaki mwilini ni kukwea, na kujua kwamba mti unaweza kufa wiki hii na kuanguka baada ya miaka mitano.

Usiku nikaingia intaneti, si unajua waandishi. Nikakutana na Alex Shigo, Mmarekani wa idara ya misitu ya nchi yake aliyefariki mwaka 2006. Alipasua maelfu ya magogo kwa msumeno wa injini ili aone ndani, akakuta kwamba mti hauponyi kidonda kama mimi na wewe tunavyopona. Sehemu iliyoumia haijengwi upya. Mti unajenga kuta kuizunguka, unaifungia humo, halafu unaendelea kukua kwa nje. Ukikata mahali pabaya, ukuta haujengeki vizuri na uozo unashuka shinani. Mlango wa kufungia! Mjomba hajawahi kulisikia jina la Shigo.

Nilimuuliza kuhusu umeme, maana tangu gridi ya taifa ifike Kasulu na Kibondo mwaka 2022 nyaya zimeongezeka, na miembe ya watu iko chini yake. Akanionyesha kiganja cha kushoto ambacho hakinyooki. Sio umeme, alianguka tu, mparachichi ulimkatikia. Ule unaogusa waya hapandi mpaka wenye umeme wamekuja kuuzima. Hana kofia ngumu, bima anaisikia redioni.

Basi tukaenda naye Kasulu. Mama akampokea, "Karibu kaka, mwakeye," na hata kabla hajakalishwa akawa yuko nyuma ya nyumba. Aliuzunguka mwembe mara mbili bila kusema. Akachukua shoka, akagonga shina kwa mgongo wake, kuanzia chini kupanda juu, sikio limekaribia gome. Ko, ko, ko. Alipofika usawa wa kifua sauti ikabadilika, ikawa kama mlango wa chumba kisicho na mtu.

Akakwea mpaka pale vijana wangu walipokata. Akatumbukiza fimbo. Ikazama karibu yote.

Yale machipukizi niliyoyafurahia kwenye picha, kumbe yameshikilia ngozi ya nje tu, juu ya shimo. Yanakua haraka, yanakuwa mazito, upepo unakuja.

Huo mwembe ni wa baba. Babu alihamishwa wakati wa Operesheni Kigoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyumba ikabaki hame, mwembe peke yake ukionyesha palipokuwa na watu. Baba alipojenga mjini alirudi kule, akaleta kokwa. Hakuna aliyeniambia habari hiyo siku ile niliyokuwa kwenye foleni, na mimi sikuuliza.

Mama alimwuliza mjomba, "Tuukate?" Mjomba akanitazama mimi. Nikatazama chini.

Hakuukata. Aliondoa matawi yote ya upande wa nyumba, moja moja kwa kamba, siku nzima. Akaacha tawi moja la chini linaloelekea uani, ambalo halikuguswa mara ya kwanza na lina shingo yake. Akasema tuupe misimu miwili ya mvua, atarudi kuugonga. Alikataa kupokea hela kwa simu, akataka mkononi.

Bati limebadilishwa. Mama amehamia chumba cha mbele, na kile cha upande wa mwembe amenitandikia mimi. Amesema kila nikija likizo nitalala humo.